Msiwashauri watu kupiga msasa bunduki za kale za jeshi

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya ushauri kwa watu wanaotaka kuanza kukusanya na kupiga bunduki za zamani za jeshi, nikairudia tena maana mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya. Mwandishi anasema ukishaipata bunduki jambo la kwanza ni kuupiga msasa mti wake mpaka mabaka yote yaishe, upake vanishi ing'ae, chuma nacho kisuguliwe kitiwe weusi mpya, alafu kila ukitoka kupiga shabaha pitisha mafuta kwenye mtutu na uirudishe kabatini. Mimi hizi bunduki nimezikusanya miaka mingi sasa, kwa vibali vyote vinavyotakiwa, na ninazipiga, siziweki ukutani kama picha. Mwandishi simjui na sina ugomvi naye, inaonekana kabisa anazipenda. Ila ushauri wake wa msasa unaharibu kitu ambacho hakirudi, ushauri wa mafuta unaharibu mtutu, na kuna kitu cha tatu hakukigusa kabisa ambacho kinaweza kumuumiza mtu uso, kwaiyo naomba nafasi niseme.

Nianze na msasa maana ndio ulionikosesha usingizi.

Bunduki ya jeshi imetengenezwa pamoja na wenzake kwa mamilioni. Mosin-Nagant ya Urusi iliingia jeshini 1891, ikatengenezwa kwa makumi ya mamilioni na miaka hamsini baadae bado ilikuwa ndio bunduki ya askari wa kawaida kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Ukiziangalia kwa mbali zote ni moja. Kinachoitofautisha hii uliyoshika na nyingine zote ni mihuri iliyogongwa kwenye chuma na kwenye mti, na makovu yake. Na mihuri ya kwenye mti haina kina, mingi ni mikwaruzo tu ya herufi iliyozama unene wa ukucha, msasa ukipita mara mbili tatu imekwisha, hauoni hata vumbi lake lilikoangukia. Ya kwenye chuma inachukua muda kidogo, ila fundi akikisugua kwa gurudumu ili weusi mpya ushike vizuri, kingo za namba zinalainika, zinakuwa kama maandishi yaliyolowa maji.

Ngoja nitoe mifano maana maneno matupu hayatoshi.

Mauser ya Sweden, ile m/96 ya risasi ya 6.5x55 (yaani upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita), nyingi zina kisahani cha shaba kilichopigiliwa ubavuni kwenye kitako. Mtu mgeni anadhani ni pambo. Kile kisahani kimegawanywa vipande, kipande kimoja kinaonesha kipenyo cha ndani cha mtutu kama fundi wa jeshi alivyokipima, kingine kinaonesha hali ya mtutu kwa alama ndogo zilizogongwa, yaani ni cheti cha afya cha bunduki na kimekaa nje kwenye macho ya kila mtu. Nimeshika moja ambayo mwenye nayo alikisugua kisahani kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka kikawa kama kioo, alinionesha kwa furaha kabisa, na alama zilikuwa hazisomeki tena. Sikuwa na la kumwambia.

Arisaka ya Japani. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ilikuwa na ua la krisanthemamu lenye petali 16, alama ya mfalme. Nyingi utakuta ua limesagwa kwa tupa au limekwaruzwa kwa mistari, lilifutwa Japani iliposalimu amri 1945 kabla bunduki hazijakabidhiwa. Kuna watu wanataka kulichora upya ili ipendeze. Jamani, ule mkwaruzo ndio wenyewe! Pale ndipo mtu aliposimama na tupa mkononi siku nchi yake imeshindwa vita, huo mkwaruzo una habari kubwa kuliko ua zima, ukiuziba umebaki na bunduki nzuri isiyosema kitu.

Au ichukue M39 ya Ufini. Wafini hawakuwa na anasa ya kutengeneza kila kitu upya, walichukua miili ya chuma ya Mosin za zamani za Kirusi wakafunga mitutu yao mizuri na mti wao. Juu imegongwa SA ndani ya kisanduku, mali ya jeshi la Ufini, lakini ukifungua skrubu ukatoa chuma kwenye mti, chini ya mkia wake unaweza kukuta mwaka wa miaka ya 1890. Yaani chuma kilichozaliwa kwa ajili ya askari wa mfalme wa Urusi kimeishia kumpiga Mrusi. Na hiyo yote imeandikwa hapo, kwa anayejua kugeuza bunduki na kuangalia.

Sasa najua kuna msomaji atasema, mbona karakana za jeshi zenyewe zilisugua? Ni kweli kabisa. Yugoslavia baada ya vita walikusanya Karabiner 98k za Kijerumani, wakafuta tai na mihuri ya Wanazi, wakagonga nembo yao na kuziita M98/48. Warusi walizirudisha Mosin karakana wakazipaka mti rangi ile nyekundu nyekundu ya shelaki, wakachanganya vyuma, wakagonga namba upya. Lakini hayo yalifanyika bunduki ikiwa bado kazini, ni sehemu ya maisha yake, fundi aliyefanya alikuwa na amri na sababu. Mimi na wewe kwenye meza ya nyumbani miaka themanini baadae hatuna amri yoyote, tuna hamu tu ya kitu kinachong'aa. Hiyo tofauti mimi naiona kubwa.

Na hapa niseme na wale wa upande wa pili, maana nao wapo, wanaotaka kila namba kwenye kila skrubu ifanane la sivyo bunduki haifai. Kwa Karabiner 98k hilo lina maana kwasababu kiwanda kiligonga tarakimu za mwisho za namba kwenye vipande vingi, hadi skrubu. Lakini kwa M1 Garand ya Marekani halina maana hata kidogo, kiwandani namba ya bunduki iligongwa kwenye mwili tu, vipande vingine vina namba za michoro ya ufundi, na vilichanganywa huko karakana bila mtu kujali, kwaiyo anayekutangazia Garand ambayo namba zake zote zinafanana na kuongeza bei kwa ajili hiyo anakuuzia hewa. Na kwasababu namba zinazofanana zinapandisha thamani ya 98k, kuna mafundi wanaogonga namba za uongo, ndio maana nasema mihuri halisi iachwe kama ilivyo, kila inayofutwa inawapa wale nafasi.

Tena mihuri si historia peke yake, ni maisha ya mtu. Steyr M95 ya Austria na Hungary ilianza na risasi ya 8x50R, baadae nyingi zikabadilishwa zipige 8x56R ambayo ina nguvu zaidi, na zilizobadilishwa ziligongwa herufi kubwa juu ya chemba, S au H. Herufi moja tu. Na kuna 98k zilizopita Israeli zikafungwa mitutu ya 7.62 NATO, nyingi zikachomwa namba 7.62 kubwa kwenye kitako cha mti makusudi kabisa ili askari asikosee sanduku la risasi. Sasa huyo anayefuata ushauri wa makala yenu ataanza na kitako, atafurahi kitako kimekuwa laini, na baada ya miaka kumi bunduki itauzwa kwa kijana asiyejua chochote ambaye atatafuta kwenye vitabu atakuta 98k inapiga 7.92. Kwa muonekano ni ileile.

Sisemi msisafishe. Kusafisha na kusugua ni vitu viwili. Bunduki nyingi zimetoka maghalani zimezamishwa kwenye kosmolini, ile grisi ya kahawia nzito inayonata, ina harufu ambayo ukishaizoea unaitambua ukiwa mlangoni, na hiyo lazima itoke. Kwenye chuma inatoka kwa spiriti ya kuyeyushia rangi na kitambaa na subira. Kwenye mti imezama ndani, hapo dawa ni joto, mimi nauzungushia mti vitambaa, naufunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki naulaza juani kutwa nzima, jioni vitambaa vimelowa chapachapa, kesho yake tena, kesho kutwa tena, mpaka mti uache kutoa jasho. Na ndani ya bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi na kufunga chemba, hapo watu wengi wanapasahau, pini ya kugongea ikiwa imeganda kwenye grisi ya zamani inagonga taratibu na risasi inakataa, mtu analaumu risasi. Ikiisha kosmolini unapaka mafuta ya kitani kidogo kwa kiganja, basi, umemaliza, mabaka yabaki. Mti wa hizi bunduki nao si pambo, kwenye Lee-Enfield ya Uingereza kwa mfano mti wa mbele unatakiwa uusukume mtutu kwenda juu kidogo karibu na mdomo, ukiusugua kwa ndani ili "ukae vizuri" shabaha inatawanyika na hautajua kwanini.

Kwa anayetaka lazima abadilishe kitu, kuna njia. Ile m/96 niliyoitaja saiti yake ya nyuma, ile ya kulengea, inaanzia mita 300, ukipiga karatasi iliyoko mita 100 risasi zinakwenda juu sana. Mimi nilitafuta saiti ya mbele ndefu zaidi, nikaitoa ya asili, nikaiweka kwenye kibahasha na karatasi inayosema imetoka wapi, na kibahasha kipo pamoja na bunduki. Atakayeichukua baada yangu dakika kumi tu anairudisha ilivyokuwa. Na kama kweli unataka kukata, kutoboa na kujaribu, tafuta zile zilizokwisha kukatwa. Miaka ya baada ya vita bunduki za ziada zilimwagika sokoni kwa bei ya chini mno, Marekani ziliuzwa hadi kwa posta mpaka sheria ya 1968 ilipofunga biashara hiyo, na maelfu kwa maelfu walikata miti na mitutu wakazifanya za kuwindia. Hizo hakuna atakayelia ukizitoboa, na nyingi zinapiga vizuri sana, mimi mtu akianza huwa namshauri achukue hizo kwanza.

Nije kwenye mafuta.

Hili nitalisema kwa yaliyonipata. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa Mosin 91/30, mtutu wake ndani ulikuwa mzuri ajabu, ukiunyanyua kwenye mwanga unaona mikato, ile mifereji ya kuizungusha risasi, inazunguka inang'aa kama maji. Nilipata risasi za zamani za jeshi zikiwa bado kwenye bati lake la kufunguliwa kama kopo, nikaenda uwanja wa shabaha nikapiga kama 40 hivi, bega likaniuma siku mbili. Niliporudi nilifanya kilekile mwandishi wenu anachoshauri, nikapitisha kitambaa cha mafuta, kikatoka cheusi, nikapitisha kingine, kikatoka safi, nikaridhika nikaiweka kabatini. Ilikuwa msimu wa mvua. Baada ya wiki mbili nikavuta bolti nikaangalia ndani na nilidhani kuna uchafu umeingia. Haukuwa uchafu. Mtutu wote ulikuwa na rangi ya chungwa, kutu imeota kama ukungu kwenye mkate, kuanzia chemba mpaka mdomoni. Nilisugua wiki nzima, kutu ikatoka, ila chini yake palikuwa pameshaliwa, vishimo vidogo vidogo, na vile havitoki hadi leo. Bunduki iliyopita vita na miaka ya ghalani salama, mimi nimeimaliza kwa wiki mbili.

Sababu yake ni rahisi na ndio maana nakasirika ikikosekana kwenye makala ya wanaoanza. Fataki za risasi nyingi za zamani za jeshi, yaani kile kikopo kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, zilitumia klorati ya potasiamu. Ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani na inakaa juu ya chuma inakila. Na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta! Ukipitisha mafuta unaifunika tu, unailaza vizuri chini ya blanketi iendelee na kazi. Kinachoiyeyusha ni maji. Maji ya kawaida kabisa, na yakiwa ya moto ni bora kwasababu mtutu unapata joto na unajikausha wenyewe. Askari wa enzi hizo walilijua hili, Waingereza walikuwa na kifaneli maalumu cha kumiminia maji ya moto kwenye mtutu wa Lee-Enfield. Unamimina kupitia chemba, unafuta uso wa bolti nao kwa maji maana gesi inafika pale, unakausha, HALAFU ndio mafuta. Kwa bunduki za kujijaza zenyewe kama Garand au SKS ya Kirusi kuna silinda ya gesi na pistoni, hapo chumvi inaingia pia na watu wanasahau. Na wale wanaosema tumia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, inafanya kazi kweli, ila kinachofanya kazi ni maji yaliyomo ndani yake, amonia inakula shaba iliyobaki kwenye mikato, chumvi haihusiani nayo.

Mtu akiniuliza atajuaje risasi zake ni za namna hiyo, namwambia achukulie kwamba ni za namna hiyo mpaka athibitishe kinyume. Kopo la maji ya moto halijawahi kuharibu bunduki yoyote.

La tatu ni lile lililoachwa kabisa, na hapa naomba mwandishi asinielewe vibaya, hili lisiposemwa mtu anaweza kupoteza jicho.

Nilinunua Lee-Enfield No.4 kwa mtu binafsi, bunduki nzima, mti mzuri, mtutu mzuri. Namba ya bolti na namba ya mwili hazikufanana, nikamuuliza akasema haina neno, zilichanganywa ghalani. Huenda ni kweli zilichanganywa ghalani, ila neno lipo. Nilipiga kama risasi 20 bila shida. Iliyofuata ilisikika tofauti kidogo, pumzi ya moto ikanigusa shavuni, nikavuta bolti ganda likatoka, nikasukuma nyingine ikakataa kuingia. Nikadhani imejikwaa, nikaitoa, nikaangalia ganda lililotangulia pale chini. Lilikuwa nusu. Kitako cha ganda kimetoka, nusu ya mbele imebaki ndani ya chemba kama kipande cha bomba, na ile risasi mpya ilikuwa inajaribu kuingia ndani yake. Nilikuwa nimevaa miwani ya usalama, nashukuru. Niliporudi kuokota maganda mengine nikakuta karibu yote yana mstari unaong'aa umezunguka juu kidogo ya kitako, ndio alama yenyewe, shaba imevutika inakaribia kukatika, na ilikuwa inanipungia mkono toka risasi ya kwanza na sikujua kuisoma.

Kilichotokea ni kwamba nafasi kati ya uso wa bolti na pale risasi inaposhikiliwa kwenye chemba ilikuwa kubwa mno, wenyewe wanaiita hedispesi. Ganda linarushwa nyuma, halina pa kuegemea, linavutika. Kila bunduki ilipangiwa bolti yake kiwandani kwa kupimwa, ukichanganya bolti umechanganya vipimo. Fundi anakuwa na vipande vitatu vya chuma vya kupimia, cha kwanza bolti lazima ifunge juu yake, cha pili bunduki mpya isifunge, ingawa ya jeshi iliyochakaa kidogo inaweza kufunga na ikafaa, na cha tatu ikifunga basi isipigwe mpaka irekebishwe. Yangu ilifunga cha tatu bila hata kusita. Uzuri wa No.4 ni kwamba Waingereza walilifikiria hilo, kichwa cha bolti kinafunguka kwa kuzungushwa na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3, kila namba imezidi kidogo urefu, tofauti ambayo kwa jicho hauioni. Yangu ilikuwa na 0, fundi akahangaika na vichwa mpaka namba 2 ikakubali, na inapiga hadi leo. Mauser na Mosin hazina huruma hiyo, huko ni kazi ya fundi hasa.

Kwaiyo kabla ya msasa, kabla ya vanishi, kabla ya kitu chochote, bunduki ipelekwe kwa fundi anayezijua, ipimwe chemba, ipimwe hedispesi, aangalie kama mtutu hauna kitu ndani na haujapinda, athibitishe risasi yake ni ipi. Wewe mwenyewe unaweza kuangalia mdomo wa mtutu, chukua risasi ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki, iingize kwa ncha mdomoni, kama inazama mpaka ganda linagusa chuma basi mdomo umeliwa, kawaida ni fimbo ya kusafishia iliyopitishwa kutokea mbele miaka na miaka. Karakana nyingi za Kirusi zilitibu hilo kwa kuupanua mdomo kidogo ili mikato ianzie ndani, kwaiyo ukikuta shimo la mdomo ni pana alafu mikato inaanza baada ya sentimita kadhaa usishtuke, hiyo ilitibiwa na mara nyingi inapiga vizuri.

Watu wananiuliza kwanini nazipiga kama nazipenda hivyo, si ziharibike. Ukizishika tu haujazijua. Unasoma kwamba askari wa Uingereza kabla ya 1914 walitakiwa kupiga angalau risasi 15 kwa dakika kwenye shabaha ya yadi 300, ni namba tu. Alafu siku moja unalala chini na Lee-Enfield, bolti yake inajikaza wakati wa kufunga na sio wakati wa kufungua, unagundua kiganja kinaipiga mbele na kuirudisha bila kutoa macho kwenye saiti, magazini ya risasi kumi unaijaza kwa klipu mbili za tano tano, na ukipanga vibaya ukingo wa ganda la juu ukakaa nyuma ya la chini zinajifunga zinagoma kupanda, hapo ndio unaelewa kijana wa miaka 19 alikuwa anafanya nini na mikono inatetemeka. Garand nayo, ukiijaza klipu yake ya risasi nane bila kuangalia bolti inakuja mbele na kidole gumba kipo njiani. Hicho hakielezeki kwenye kioo cha makumbusho. Ninapiga risasi chache, za nguvu ya kawaida, kwa bunduki iliyopimwa, na ninaosha kwa maji. Hivyo haiharibiki.

Nina K31 moja ya Uswisi, ile ya kuvuta bolti moja kwa moja bila kuizungusha, inapiga 7.5x55. Waswisi askari walikuwa wanakaa na bunduki zao nyumbani. Kuna mtu aliniambia nifungue bamba la chuma la kitako, skrubu mbili tu, niangalie chini yake. Nikafungua. Kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imegeuka rangi ya chai, kingo zimeliwa, ila jina linasomeka, mwaka wa kuzaliwa unasomeka, na kikosi chake. Jina sitalitaja hapa, si langu kulitaja. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kitako cha bunduki hiyo upande wa chini kina mabaka meusi na pameparuzika, ndio palepale ambapo makala yenu ingeniambia nianze na msasa, na sasa kila nikipaona namuona mtu ameisimamisha bunduki yake chini kwa miaka thelathini. Niliikunja karatasi kama ilivyokuwa nikairudisha mahali pake, nikakaza skrubu zile mbili taratibu zisikwaruzike.

Mhariri, najua nafasi ya barua ni ndogo. Mkishindwa kuchapa yote haya, naomba toleo lijalo mchape angalau yale ya hedispesi na ya maji ya moto, kwasababu kuna mtu sasa hivi ameshafuata ile makala, bunduki yake iko kabatini imepakwa mafuta vizuri, na bado hajavuta bolti kuangalia.

Msomaji wenu wa siku nyingi.